Maji yanavuja kutoka kwa jirani wa juu: mwongozo kamili wa kuingia, kukagua na kulipana bila kugombana

Kila masika hapa Arusha naletewa shauri lile lile, na mara nyingi linakuwa limeshaharibika kabla halijanifikia. Mtu anayeishi ghorofa ya pili anaona dari ya bafu lake imelowa, anapanda juu akiwa na hasira, anamwambia jirani kwamba anamharibia nyumba na kwamba lazima alipe, na jirani anafunga mlango. Wiki sita baadaye wawili hao hawasalimiani kwenye ngazi, rangi imebanduka, kipande cha dari kimeanguka, na bado hakuna fundi hata mmoja aliyeliona bomba lenyewe.

Kosa linalorudiwa ni kuanza na pesa. Mgogoro wa namna hii una maswali matatu ambayo yana mpangilio wake: nani atafungua mlango, maji yanatoka wapi, na nani atalipa. Anayeuliza la tatu kabla ya la kwanza hukosa majibu ya yote matatu, kwa sababu jirani aliyekwisha kuambiwa kwamba atalipa hana sababu yoyote ya kukuruhusu uingie ukatafute ushahidi dhidi yake.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Unawafaa wapangaji na wamiliki wa fleti, na kwa mabadiliko madogo unafaa pia pale ugomvi unapohusu mlango wa paa lenye simtanki, chemba ya maji taka iliyo ndani ya uzio wa mtu wa chini, au chumba cha mita za umeme ambacho ufunguo wake anao mmoja tu.

## Vitu vya kuandaa kabla hujabisha hodi

Kusanya vitu hivi kwanza, kwa sababu ukivikosa katikati ya safari utalazimika kuomba kuingia mara ya pili, na ruhusa ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

- Daftari moja litakalotumika kwa shauri hili peke yake.
- Simu yenye kamera, na uhakikishe tarehe yake iko sahihi.
- Penseli, futi kamba na ndoo.
- Rangi ya chakula ya aina mbili zinazotofautiana wazi, kwa mfano nyekundu na kijani. Zinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya keki.
- Kipande cha nailoni angavu chenye upana wa kama sentimita 30 kila upande, na gundi ya karatasi.
- Nakala ya mkataba wako wa pango au hati yako, pamoja na kanuni za jengo kama zipo.
- Namba za simu za jirani, mwenye nyumba wake, msimamizi wa jengo, fundi bomba, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa wenu.

Usimwite fundi bado. Nitaeleza sababu katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama ni dharura

Maji yakitoka karibu na taa, feni au soketi, zima swichi kuu ya fleti yako kabla ya jambo lolote, na usiguse taa hiyo hata kama inaonekana kavu. Dari ya jipsamu ikiwa imebonyea kama tumbo, toa watu na vitu chini yake na usilale chumba hicho. Kukiwa na cheche, harufu ya kuungua au moto, toeni watu nje na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maji yanayomwagika kwa wingi wakati jirani hayupo yana njia yake: funga koki inayopeleka maji kwenye fleti hiyo ikiwa iko nje au juu ya paa, mpigie simu mhusika na mwenye nyumba wake, kisha mwite msimamizi wa jengo. Ikiwa kufungua mlango hakuepukiki, afungue mwenye mamlaka nao, mbele ya kiongozi wa mtaa, na kila kilichoguswa kiandikwe.

Onyo: Usivunje kitasa cha jirani kwa mkono wako hata kama maji yanakuumiza. Kuingia kwa nguvu na kuharibu mali ya mtu kunaweza kukugeuza wewe mlalamikaji kuwa mtuhumiwa wa kosa la jinai, na hapo shauri la dari yako litasahaulika.

Dalili ya mafanikio: Hakuna hatari kwa mtu, na maji yanayotoka yanaingia kwenye ndoo.

## Hatua ya 2: Weka kumbukumbu kwa siku tatu

Chukua penseli, zungushia doa la maji kwenye dari mstari mwembamba unaofuata ukingo wake, kisha andika tarehe na saa pembeni ya mstari huo. Kesho yake, saa ile ile, zungushia tena. Fanya hivyo siku ya tatu. Mistari hiyo mitatu, inayofuatana kama pete za shina la mti, ina nguvu kuliko maneno yoyote utakayosema, kwa sababu inaonyesha kama doa linakua, limesimama au linakauka, na hakuna anayeweza kudai kwamba ni la zamani.

Katika daftari andika maji yalidondoka saa ngapi, kwa muda gani, na nini kilikuwa kikiendelea. Angalia mambo manne haya:

Maji yakidondoka usiku na mchana bila kukoma, shuku bomba linaloleta maji safi, kwa kuwa lina shinikizo wakati wote. Yakidondoka asubuhi na jioni tu, dakika chache baada ya watu wa juu kuoga, shuku bomba la kutolea maji au sakafu ya bafu. Yakija baada ya mvua peke yake, chanzo kinaweza kuwa paa, roshani au ukuta wa nje, na jirani wa juu hahusiki kabisa.

La nne husahaulika sana. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Arusha na Moshi inapokaza, mvuke wa maji ya moto hugeuka matone kwenye dari la bafu lisilo na dirisha la kutosha, na watu huliita jambo hilo kuvuja. Kausha sehemu ndogo ya dari kwa kitambaa, bandika kile kipande cha nailoni na uzibe kingo zote kwa gundi, kisha ukiache siku moja. Matone yakiwa upande wa nailoni unaotazama chumba, tatizo ni mvuke wako mwenyewe. Yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na dari, maji yanapenya kutoka juu.

Dalili ya mafanikio: Unaweza kueleza kwa sentensi mbili maji yanakuja lini, bila kumtaja mtu.

## Hatua ya 3: Panda ukabishe hodi ukiwa peke yako

Hii ndiyo hatua inayoamua mengine yote, na ndiyo watu wanayoiruka. Wengi hupanda na fundi mwenye nyundo mkononi, au huanza kwa kuandika malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la wakazi mahali ambapo watu ishirini wanasoma. Jirani aliyeaibishwa mbele ya jengo zima atajitetea mbele ya jengo zima, na kuanzia hapo hawezi kukubali kosa hata akiliona kwa macho yake.

Nenda jioni baada ya kazi, kabla ya chakula cha usiku, na si wakati wa ibada. Nenda bila fundi, kwa sababu fundi akiwepo jirani anaona uamuzi umeshafanyika bila yeye. Salimia kama unavyomsalimia siku zote. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo isikosekane kwa sababu ya maji. Kisha zungumza hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante, sitakaa sana. Nimekuja kukuomba msaada. Dari la bafu langu linalowa tangu Jumatatu, na sijui maji yanatoka wapi. Ningependa ushuke uone mwenyewe, ukipata nafasi."

Zingatia kwamba katika maneno hayo hakuna *wewe*, hakuna *bomba lako*, na hakuna pesa. Kuna mwaliko wa kushuka. Mtu anayeiona ile mistari ya penseli kwa macho yake, amesimama chini ya bafu lake mwenyewe, husema mara nyingi kabla hujaomba: "Kesho njoo uangalie na kwangu."

Akikuuliza nani atalipa, mjibu wazi: "Hilo tutaliongea tukishajua chanzo. Gharama ya ukaguzi naanza kuitoa mimi." Najua wapo wanaoona kwamba aliyeumia hapaswi kutoa hata shilingi. Mimi naona tofauti. Ada ya fundi kuja kuangalia ni ndogo ukilinganisha na dari, na anayeitanguliza anamwondolea jirani hofu kwamba kufungua mlango ni sawa na kukubali deni. Ikithibitika kwamba chanzo ni juu, ada hiyo itaingizwa kwenye hesabu ya mwisho.

Hofu nyingine kubwa ya jirani ni marumaru zake. Anajua kwamba zikivunjwa hatapata nyingine za rangi ile ile. Mwahidi kwamba siku ya ukaguzi hakuna kitakachovunjwa, na uitimize ahadi hiyo hata fundi akikushawishi vinginevyo.

Niliishi zamani kwenye jengo la ghorofa nne upande wa Sakina, na kwa wiki nane nilimshikilia mama wa juu yangu kwamba bafu lake linavuja. Nilipanda kwake mara tatu, kila mara nikiwa na sauti kubwa kuliko ya awali. Siku alipofungua mlango, fundi alizima maji yake yote na matone kwangu hayakukoma. Yalitoka kwenye bomba la wima linalohudumia fleti zote za upande ule, lililopita nyuma ya ukuta wake na wangu. Yule mama alikuwa hana kosa lolote. Nilimwomba radhi na akanisamehe, lakini wiki nane za kukwepana kwenye ngazi hazikurudi, na watoto wetu waliokuwa wakicheza pamoja waliacha. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote.

Dalili ya mafanikio: Mmepanga siku na saa ya ukaguzi. Kama hukuipata ruhusa, basi angalau amekusikiliza, na unaweza kwenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Andika barua ya ombi, na umpe mtu sahihi

Ukiwa na ruhusa ya mdomo, barua hii inakuwa ya uthibitisho tu. Ukiwa huna, ndiyo itakayokusaidia huko mbele. Kabla hujaiandika, tambua nani ana mamlaka juu ya mlango ule na juu ya bomba lile, kwa kuwa si lazima awe mtu mmoja.

Mpangaji ndiye anayefungua mlango, lakini mwenye nyumba wake ndiye anayeamua kuhusu mabomba na ukuta. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamhesabu mpangaji kuwa amekubali kumruhusu mwenye nyumba au wakala wake kuingia kukagua, kwa wakati unaofaa na baada ya taarifa ya kutosha, hata kama mkataba hausemi. Haki hiyo ni ya mwenye nyumba wake, haikupi wewe jirani ruhusa ya kuingia moja kwa moja. Kwa hiyo nakala moja iende kwa mpangaji na nyingine kwa mwenye nyumba, hata kama anaishi Dar es Salaam na anajulikana kwa sauti ya simu tu. Pale ambapo kila fleti ina hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, nakala ya tatu iende kwa umoja wa wamiliki, kwa sababu ndio unaosimamia sehemu za pamoja.

Barua iwe fupi kama hii:

> Fleti namba …, ghorofa ya …
> Tarehe …
>
> Kwa mkazi wa fleti namba …
>
> YAH: OMBI LA KUINGIA ILI KUKAGUA CHANZO CHA MAJI
>
> Tangu tarehe … maji yanapenya kwenye dari la bafu la fleti yangu. Chanzo chake bado hakijajulikana, na barua hii haikulaumu wewe wala mtu mwingine.
>
> Naomba ruhusa ya kuingia bafuni na jikoni kwako siku ya … tarehe … saa … , kwa muda usiozidi saa mbili, nikiwa na fundi bomba mmoja na msimamizi wa jengo. Siku hiyo hakuna kitakachovunjwa wala kufunguliwa bila idhini yako. Gharama ya ukaguzi naitanguliza mimi.
>
> Kama siku hiyo haikufai, naomba unipe nyingine kabla ya tarehe … .
>
> Jirani yako,
> (jina, saini, simu)

Kwa doa linalokua polepole mimi hutoa siku saba. Kwa maji yanayodondoka kila siku, siku mbili zinatosha. Mpe mkononi mbele ya shahidi na umwombe asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba ilipelekwa. Piga picha barua hiyo uitume pia kwa simu, ili tarehe na saa zibaki.

Onyo: Usiandike kiasi chochote cha fedha kwenye barua hii, na usitishie mahakama.

## Hatua ya 5: Siku ya ukaguzi

Waingie watu watatu wasizidi: wewe, fundi na msimamizi au shahidi ambaye jirani anamkubali. Vueni viatu kama ndiyo desturi ya nyumba. Usipige picha ya kitu chochote nje ya bafu na jiko, na kabla ya picha ya kwanza omba ruhusa. Mtu mwingine abaki chini kwako na ndoo, akiwa na simu wazi, atoe taarifa ya kila tone.

Majaribio yafuate mpangilio huu, kwa sababu kila moja linaondoa jibu moja kabla ya lingine.

Jaribio la kwanza: bomba la maji safi. Fungeni koki kuu ya fleti ya juu na msitumie maji kabisa kwa saa moja hadi mbili. Kama matone yalikuwa ya mfululizo na sasa yanapungua hadi kukoma, bomba linaloingiza maji kwenye fleti hiyo ndilo linalovuja. Kumbukeni kwamba zege hubeba maji, kwa hiyo matone yanaweza kuendelea kidogo. Tazameni kama yanapungua. Yasipopungua hata kidogo, fikirieni bomba la wima la jengo au simtanki. Ambapo fleti ina mita yake ya maji na hakuna simtanki katikati, kuna njia ya haraka zaidi: fungeni bomba zote za ndani, acheni koki wazi, mtazame kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, maji yanapotea mahali fulani.

Jaribio la pili: bomba la kutolea maji. Changanyeni rangi nyekundu kwenye ndoo ya maji na muimwage taratibu moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji ya bafu, bila kulowesha sakafu. Rangi ya kijani itieni chooni na mvute maji. Kisha subirini, maana rangi inaweza kuchukua hata siku nzima kufika chini. Nyekundu ikionekana kwenye ndoo ya chini, mmejua. Kijani ikionekana, mmejua pia, na hilo la pili ni la haraka zaidi kwa sababu ni maji taka. Rangi isipoonekana kabisa, msihitimishe siku hiyo hiyo kwamba bomba ni zima.

Jaribio la tatu: sakafu yenyewe. Hili lifanyike mwisho na kwa makubaliano, kwa sababu linaweza kuongeza maji chini. Zibeni tundu la kutolea maji, jazeni maji ya kina cha sentimita mbili sakafuni pasipo kuvuka kizingiti, wekeni alama ya penseli ukutani usawa wa maji, mwache hadi saa 24. Maji yakipungua wazi na chini kukilowa, grauti kati ya marumaru au tabaka la kuzuia maji lililo chini yake limechoka. Msifanye jaribio hili kama dari ya chini imeshabonyea au kuna nyaya za umeme zinazolowa.

Kwenye kila jaribio andika saa ya kuanza, saa ya kumaliza na kilichoonekana, kisha wote waliokuwepo wasaini ukurasa huo pale pale. Mwombe fundi aandike maoni yake kwa mkono wake: chanzo ni nini, kazi ni ipi, vifaa gani na bei gani. Fundi anayesema "tuvunje kwanza tuone" bila kufanya majaribio haya asipewe kazi.

Dalili ya mafanikio: Jirani wa juu mwenyewe anaweza kutaja chanzo kwa maneno yake.

## Hatua ya 6: Sasa ongeeni nani analipa

Chanzo kikishajulikana, swali hili huwa jepesi kuliko lilivyoonekana, kwa sababu linafuata mahali bomba linapohudumia.

Kinachohudumia fleti moja tu, kuanzia koki yake kwenda ndani, ni cha fleti hiyo: mabomba ya ndani, sinki, tangi la choo, grauti na tabaka la kuzuia maji. Mwenye fleti ndiye anayelipa. Mpangaji wake anahusika pale tu uharibifu ulipotokana na matumizi yake, kwa mfano bomba lililoachwa wazi mpaka bafu likafurika, au matambara yaliyotupwa chooni.

Kinachohudumia zaidi ya fleti moja ni cha pamoja: bomba la wima, paa, kuta za nje, chemba kuu. Jengo likiwa la mwenye nyumba mmoja anayepangisha sehemu sehemu, Sheria ya Ardhi inamtaka yeye atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja. Fleti zikiwa na hati tofauti, gharama hutoka kwenye mfuko wa umoja wa wamiliki, kwa mgawanyo ulio kwenye kanuni zao. Hapa hamna mdaiwa kati yenu wawili. Andikeni barua moja mkiwa pamoja, na nimeona barua yenye saini mbili ikijibiwa pale ambapo za mmoja mmoja zilikaa.

Urejeshaji wa dari lako na vitu vilivyoharibika ni hesabu ya pili, iwe kwenye karatasi tofauti na matengenezo ya chanzo. Ukizichanganya, ugomvi wa bei ya godoro utachelewesha kuzibwa kwa bomba. Dai kwa haki: godoro la miaka sita halilipwi kwa bei ya jipya.

Onyo kwa wapangaji: Usikate gharama za matengenezo kwenye kodi kabla ya mwenye nyumba kukubali kwa maandishi.

## Hatua ya 7: Karatasi moja ya makubaliano

Iandikeni siku ile ile mnapokubaliana. Ieleze chanzo kilichopatikana, kazi itakayofanyika, fundi atakayeifanya, siku na saa atakazoingia, nani atakuwepo mlangoni, nani anatoa pesa na lini, nani atarudisha marumaru, na kipindi cha kuangalia baada ya kazi. Majina, saini, mashahidi wawili, nakala kwa kila upande. Malipo yapitie simu au benki ili yaache alama, na risiti za vifaa zibandikwe nyuma ya karatasi.

Kwa milango ya pamoja, kama ule wa paa, makubaliano yawe hivi: funguo mbili kwa watu wawili wa ghorofa tofauti, na daftari dogo linaloonyesha nani alipanda, lini na kwa ajili gani. Hilo peke yake limemaliza ugomvi wa simtanki kwenye majengo kadhaa ninayoyajua.

## Hatua ya 8: Akikataa kabisa

Kwanza rudi kwa msimamizi au umoja wa wamiliki na nakala ya barua na kumbukumbu zako. Kikao hicho kikishindikana, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji hawezi kutoa hukumu, lakini anaweza kumwita jirani, kusikiliza pande zote na kushuhudia ukaguzi, na watu wengi wanaokataa kumfungulia jirani hufungua kiongozi wa mtaa akiwepo.

Baada ya hapo kuna Baraza la Kata. Zingatia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mbele yake. Likishindwa kuwapatanisha, omba hati inayothibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kwenda mbele kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo Arusha na lipo Moshi pia. Huko ndiko unakoweza kuomba amri ya kumlazimisha mtu aruhusu matengenezo. Kwa hatua hiyo tafuta wakili, au msaidizi wa kisheria kama huna uwezo wa kulipa. Daftari lako la Kiswahili linatosha kama lilivyo, maana tangu mwaka huo huo Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini.

Wakati wote huo usifunge maji ya jirani, usizibe bomba lake, na usiandike jina lake kwenye kundi la wakazi. Kila mojawapo ya mambo hayo itasomwa mbele ya baraza kabla ya dari lako kutajwa.

## Baada ya kazi kukamilika

Usipake rangi mara moja. Zege lililolowa kwa miezi linaweza kuhitaji wiki kadhaa kukauka, na rangi ikiwekwa juu ya unyevu itabanduka na kukufanya udhani bomba linavuja tena, na kumlaumu mtu aliyekwisha kulipa. Acha mistari yako ya penseli mahali pake. Kwa wiki mbili za kwanza angalia kila asubuhi kama doa limevuka mstari wa mwisho, kisha mara moja kwa wiki mpaka rangi ya doa iwe ya kavu kote.

Siku utakapokuwa tayari kuifuta mistari hiyo, mwite jirani wa juu ashuke aione kwanza, muandike tarehe kwenye karatasi ya makubaliano, na nyote wawili msaini kwamba shauri limefungwa.